Ombi la Kumzuia Wifi Yangu Kusoma Biblia Saluni

Kwa Mchungaji wetu mpendwa,

Bwana asifiwe. Naomba uisome barua hii ukiwa umeketi, tena ukiwa peke yako, kwa sababu mama mchungaji ni mteja wangu na nisingependa ayapate mambo haya kwa mtu mwingine kabla sijamweleza mimi mwenyewe.

YAH: MALALAMIKO JUU YA USOMAJI WA BIBLIA ULIOPITA KIASI

Mimi, kama unavyojua, ni mwenyekiti wa idara ya akina mama kwa mwaka wa sita sasa. Nimeimba kwaya hadi sauti ikaniomba nipumzike. Mabibi harusi wote uliowafungisha ndoa tangu ufike hapa, mikono yangu ndiyo iliyowasuka. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili ujue kwamba anayelalamika si mpagani.

Miezi minne iliyopita ulisimama mbele yetu ukatangaza kwamba kila mshirika asome sura moja ya Biblia kila asubuhi, na kabla ya siku kwisha amshirikishe mtu mmoja neno alilolipata. Kanisa zima tukaitikia "Amina". Mchungaji, wewe ni mtu mzima na umekaa makanisani miaka mingi, Amina unaijua. Ni kama kumwambia "karibu chakula" mtu aliyesimama mlangoni na viatu vyake. Ni adabu. Hakuna anayetegemea avue viatu aje kukaa.

Tatizo ni kwamba wifi yangu alikuwa kanisani siku hiyo, na alivua viatu.

Wifi yangu huyu ni kitinda mimba kwa kina mume wangu. Wateja wanamwita Kimya, maana alipokuja kufanya kazi kwangu miaka mitatu iliyopita alikuwa anaweza kusuka kutwa nzima asiseme zaidi ya "inamisha kichwa" na "umeumia?" Nilimpenda sana kwa hilo. Saluni yangu ina viti vitatu, vioo viwili, draya moja ya kukaushia nywele na benchi la kusubiria. Msemaji mmoja anaitosha, na msemaji huyo nilikuwa mimi.

Tangu tangazo lako, Kimya hajanyamaza. Anafika kabla yangu, anafagia nywele za jana, anakaa kiti cha katikati na kusoma sura yake. Mteja wa kwanza akishakaa, anamwambia kwa sauti ileile ya kuinamisha kichwa, "Leo nimesoma kitu. Nikuambie?" Sasa mtu ambaye nusu ya nywele zake ziko mikononi mwa mwenzake atasema hapana kwa ujasiri gani?

Yafuatayo ni malalamiko yangu. Nimeyapa namba ili usiruke hata moja.

1. Ameua mazungumzo. Mwanamke anayesuka nywele ndogondogo anakaa saa tano. Huwezi kumwacha ajiangalie kwenye kioo saa tano, atajichukia. Ndiyo maana mimi nilikuwa nikiwapatia wateja habari: nani uchumba wake umevunjika, nani alionekana wapi na nani, nani alivaa gauni la kuazima akasema ameletewa zawadi. Nilifanya hivyo kwa utaratibu na kwa upendo. Sikuwahi kumsema mtu bila kumalizia na "tumwombee".

Siku moja mwalimu wa shule ya msingi alikuwa kiti cha katikati, nami nikaanza habari ya binti wa kiongozi wa kwaya. Asubuhi hiyo Kimya alikuwa amesoma kuhusu ulimi, kwamba ni kiungo kidogo lakini unaweza kuwasha moto msitu mzima. Hakunikemea. Angenikemea ningemjibu, majibu ninayo. Nilipofika kwenye "tumwombee", aliweka kitana chini, akafuta mikono, akaniuliza, "Wifi, tumwombee sasa hivi?"

Tukamwombea. Macho tumefumba, mwalimu naye amefumba, nywele zimesimama upande mmoja. Mchungaji, umewahi kujaribu kuendelea kumsema mtu uliyetoka kumwombea dakika hiyohiyo? Nilijaribu. Maneno yalitoka yamepoa kama chai ya jana. Tangu siku hiyo mtu akianzisha habari tu, benchi zima linamwuliza, "Tumwombee sasa hivi?" Nimebaki na habari tatu nzuri sana ambazo hazijasikiwa na mtu yeyote. Zinaniozea kifuani.

Utafikiri wateja wamekimbia. Hapana, na hilo ndilo linaloniuma: wameongezeka. Wanakuja hata ambao hawana zamu. Wanakaa kwenye benchi wakisema wanasubiri nywele zikauke, na hata kuoshwa hawajaoshwa.

2. Amenajisi beseni la maharusi. Ninalo beseni jeupe lenye maua ya bluu, la kuoshea miguu ya bibi harusi siku yake. Mwingine yeyote haruhusiwi kuligusa, hata mimi. Basi Kimya akasoma jinsi Bwana alivyowaosha wanafunzi wake miguu. Habari hiyo nimehubiriwa tangu nikiwa mtoto, na siku zote nilielewa kwamba inahusu moyo. Kimya alielewa kwamba inahusu miguu.

Alitoka nje akamwita mama anayefagia barabara yetu, yule wa mabuti ya mpira. Akamkalisha. Akamvua mabuti. Akajaza lile beseni maji ya moto, akatia chumvi, akapiga magoti. Yule mama aliitazama miguu yake kama vile ni ya mtu mwingine. Akasema, "Mwanangu, hii haijazoea maji ya moto." Kimya akamjibu, "Itazoea, mama." Akaisugua polepole, kisigino kimoja kimoja, wakati wateja wawili wanasubiri. Mmoja wao alikuwa amelalamika tangu asubuhi kwamba anachelewa. Nilipomgeukia nimwombe radhi, nikakuta amesimama na taulo mkononi, anangoja miguu itoke majini.

Sasa mama huyo akipita anaimba, na mbele ya mlango wangu anafagia mara mbili. Majirani wananiuliza nimempa nini. Ninaona aibu kuwaambia kwamba sikumpa kitu.

3. Anasema kweli. Wasusi tuna neno moja la kazi, nalo ni "umependeza". Tunalisema kwa kila mtu anayeshuka kitini, kama vile dereva anavyopiga honi. Mama mmoja alishuka na rangi ya nywele aliyoichagua mwenyewe, akauliza amependeza? Nikavuta pumzi niseme, lakini swali alikuwa amelielekeza kwa Kimya, na Kimya siku hiyo alikuwa amesoma kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo. Alimtazama mbele, akamtazama nyuma. "Mama, rangi hii inakuzeesha. Tukiitoa utapendeza." Mimi nilijificha nyuma ya pazia nikijifanya natafuta chanuo. Wakaitoa. Akapendeza. Tangu hapo nikimwambia mama huyo chochote, anageuka kwanza kumwangalia Kimya.

4. Lalamiko hili nimelifuta. Nililiandika nikiwa na hasira, na asubuhi yake tulikuwa tumesoma kuhusu hasira.

5. Amenipokonya adui. Upande wa pili wa barabara kuna saluni ya binti niliyemfundisha kazi. Alijua kila kitu kutoka kwangu, kisha akaondoka bila kuaga, na wateja wangu wawili, na kitana changu kikubwa cha mbao. Miaka minne ukihubiri habari za usaliti, mimi ndiye niliyekuwa nikiitikia kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu nilikuwa na mfano.

Jumanne moja Kimya alitusomea habari ya kuwapenda adui zetu, na Ijumaa yake bomba la saluni ile likapasuka. Walikuwa na wanawake watatu wenye dawa ya nywele kichwani, na dawa ile, Mchungaji, haijui subira. Muda wake ukipita inaunguza ngozi. Yule binti akatoka barabarani na glavu zake mikononi, anapiga kelele, "Maji! Jamani, maji!" Nilimsikia. Nilikaa. Nikasema moyoni kwamba Mungu wetu ni mwenye haki.

Kimya hakukaa. Alichukua ndoo mbili, akavuka barabara mbio. Akarudi, akajaza, akavuka tena. Safari ya tatu nilikuta na mimi nina ndoo mkononi. Sikuamua. Naomba uzingatie hili kama ushahidi wa hatari ninayokueleza: mtu anaweza kusomewa jambo Jumanne, asilitilie maanani, na Ijumaa akakuta miguu yake inavuka barabara.

Tuliviosha vichwa vitatu, mimi na yule binti, bega kwa bega, kama zamani. Alipomaliza kufunga taulo la mwisho aliniambia mbele ya watu wote, "Mwalimu wangu, nisamehe." Halafu akanirudishia kitana. Sasa nifanye nini na kitana? Kila nikikishika nakumbuka kwamba sina tena mfano wa usaliti.

6. Nilijaribu kutibu tatizo hili kwa njia ya amani. Nilimfungulia Kimya mwanzo kabisa wa Agano Jipya, palipo na majina ya mababu, fulani akamzaa fulani. Nikamwambia, "Wifi, soma hapa wiki nzima, pametulia." Nilijua hapo hakuna wa kuguswa.

Siku ya pili akawaambia wateja kwamba amekuta wanawake katikati ya wale wanaume. Mmoja alijifunika uso akakaa kando ya njia kama kahaba. Mwingine nyumba yake mji mzima uliijua. Mwingine mgeni asiye na kwao. Mwingine alikuwa mke wa mtu. "Hawa ndio bibi zake Yesu," akasema, "na hawakufutwa kwenye orodha." Akaendelea kusuka.

Chini ya draya alikuwepo mwanamke mmoja ambaye habari zake zilikuwa zinajulikana mtaa mzima. Zilijulikana kupitia kwangu. Mtu akiwa chini ya draya hajisikii, kwa hiyo alilia kwa sauti kubwa akidhani analia kimoyomoyo. Hakuna aliyemwambia. Kimya akaiacha draya iendelee kuunguruma hata baada ya nywele kukauka, mpaka mwenyewe alipomaliza kulia.

7. Hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nina dada mkubwa, mmoja tu. Kwa miaka tisa hatukusemezana. Mama yetu alipolazwa, mimi ndiye niliyemwuguza: asubuhi na jioni, na chupa ya supu, na nguo za kubadilisha. Dada yangu hakutia mguu wodini hata siku moja. Alikuja kuonekana mazishini, na akalia kuliko wote. Nilimwambia neno pale kaburini ambalo sitaliandika kwenye barua ya kanisa. Tangu siku hiyo jambo lake nimelileta katika maombi ya akina mama kila mwezi bila kukosa, na kila mwezi wamenipa pole. Lilikuwa jambo zuri, limekomaa, nami nilikuwa nimelizoea.

Jumatano moja Kimya alikuwa akimweleza mke wa fundi viatu kwamba ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache hapohapo uende ukapatane naye kwanza. Hakuniambia mimi. Mimi nilikuwa nikichanganya dawa, nimempa mgongo. Nilifikiri, kwanza, mimi ndiye mwenye neno juu ya dada yangu, si yeye. Nikaendelea kuchanganya. Nikachanganya mpaka dawa ikaharibika.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye mstari wa sadaka. Nilipokifikia kikapu, mkono ulikataa kufunguka. Watu wakaanza kunisukuma kwa adabu. Nikaiweka bahasha kwenye ngazi ya madhabahu, nikatoka kwa mlango wa pembeni. Ulipotangaza kwamba mwenyekiti wa akina mama atatuongoza katika maombi, nikakosekana, katibu alikuambia nimekwenda msalani. Sasa ujue ukweli. Nilikuwa barabarani, na viatu virefu, nikielekea kwa dada yangu.

Njiani nilitayarisha hotuba. Ilikuwa na sehemu tatu na ilikuwa inaumiza vizuri. Nikagonga. Akafungua mwenyewe, mikono ina unga, amevaa miwani.

Mchungaji, sikujua kwamba dada yangu siku hizi anavaa miwani.

Hotuba ikanitoka kichwani yote. Akaitazama miguu yangu. Akasema, "Viatu hivyo vimekuumiza. Ingia ukae." Nikaingia, nikakaa, nikavua viatu, na kabla sijajua nitaanzia wapi, yeye akaanza. Akaniambia kwamba alikuja hospitali. Alikuja siku kumi na moja. Kila siku alifika mpaka getini, akakaa kwenye lile benchi la wageni, akashindwa kuingia. "Wewe unaweza kumwona mtu akiisha," akaniambia. "Mimi siwezi. Nilikuwa nakuona ukipita na chupa yako. Nilikuwa nasema moyoni, afadhali yupo."

Geti lile nilipita mara mbili kwa siku. Benchi lile nalijua, lilikuwa la kijani. Sikuwahi kugeuza shingo kuangalia ni nani amekaa. Na neno lile nililomwambia kaburini, amelibeba miaka tisa. Kwa hiyo ni kweli kwamba yeye ndiye aliyekuwa na neno juu yangu, na hili sitamsamehe Kimya haraka.

Tulilia mpaka unga ukakauka mikononi mwake. Nilirudi nyumbani nimevaa ndala zake.

Hasara niliyoipata ni hii: mkutano wa akina mama uliofuata, ilipofika zamu yangu ya kutoa hitaji, nilisimama nikakosa la kusema. Wakanitazama. Nikasema tu, "Dada yangu anawasalimia," nikakaa.

Kutokana na hayo yote, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo. Kwanza, Biblia isomwe Jumapili peke yake, tena na watu waliosomea, kwa sauti ya kawaida ya kanisani ambayo haimsumbui mtu. Pili, yachaguliwe mafungu yanayohusu watu wa kale na makosa yao, si ya watu walio hai na wenye shughuli. Tatu, kabla mshirika hajapewa Biblia aulizwe kama ana nia ya kutenda yaliyomo. Akikiri, apewe kitabu cha nyimbo. Nne, na hili ndilo naliamini kuliko yote, Kimya apewe cheo. Hakuna kitu kinachompunguzia mtu muda wa kusoma Biblia kama cheo cha kanisani. Mimi ni mwenyekiti kwa miaka sita, na ni shahidi wa hilo.

Nisalimie mama mchungaji na watoto, wazee wa kanisa, wanakwaya wa sauti zote nne, na katibu, ambaye namshukuru kwa kunitetea kwa uongo siku ile, ingawa tumesoma kwamba haifai.

Ni mimi, dada yako katika Kristo, mwenye saluni na mwenye kero,

Mwenyekiti, Idara ya Akina Mama

Tanbihi: Barua hii niliimaliza Jumatatu nikakosa mtu wa kuileta. Leo ni Alhamisi. Kimya ameshikwa na mafua, sauti haitoki kabisa, anasuka tu. Juzi asubuhi benchi limejaa, wote wananitazama. Basi nimekuwa nikisoma mimi, kwa ajili ya kuwatunza wateja tu, si kwa sababu nyingine.

Jana aliingia mwanamke nisiyemfahamu, amejifunga kitambaa kichwani. Alikuwa akitaka kunyolewa nywele zilizobaki, kwa sababu dawa za hospitali zinaziondoa. Nikawasha mashine. Mchungaji, mimi sijawahi kukosa neno la kumwambia mteja, lakini "umependeza" haikuwezekana, na jingine sikuwa nalo, isipokuwa lile nililolisoma asubuhi: mwanamke aliyeumwa miaka kumi na miwili, akapita nyuma katikati ya watu, akagusa upindo wa vazi la Yesu. Nikamwambia huku namnyoa. Akauliza, "Na yeye aligeuka?" Nikamwambia aligeuka. "Akamwitaje?" Nikamwambia alimwita binti. Akafumba macho akasema, "Sema tena." Nimesema mara nne.

Ameahidi kurudi Jumamosi. Hana hata unywele mmoja wa kusuka, lakini nimemwandika kwenye zamu. Kwa hiyo naomba uniazime ile Biblia ya herufi kubwa iliyo ofisini kwako, maana hii ya Kimya inanichezea machoni, na unijibu upesi: sura moja kwa siku ni kikomo, au mtu akizidiwa anaruhusiwa kuongeza?